Mkono wa Kuazima

Jumatatu, 3 Machi
Leo natimiza miaka thelathini na moja tangu niondoke nyumbani. Dada kasherehekea kwa kunitumia tiketi. Balaa! Miaka saba nimemwambia dada kwamba daktari kanikataza ndege kwa sababu ya presha. Sasa anataka cheti cha daktari.

Nimekwenda zahanati. 124 kwa 78. Daktari kanipongeza. Nimemwomba anichunguze zaidi. Kaniazima kipimo, nijipime asubuhi tatu.

Jumanne, 4 Machi
Nimesoma kitabu. Upande wa kulia wa moyo hupokea damu iliyochoka na kuipeleka mapafuni. Wa kushoto huipokea ikiwa na oksijeni na kuisukuma mwili mzima. Namba ya juu ni nguvu ya damu kwenye kuta za ateri moyo unapobana. Ya chini, unapolegea.

Nimepanda ngazi mbio. 151! Nikatafuta kalamu, kipimo kikajizima. Nilipoipata nikapima tena, 123. Nimepima mkono ukining'inia chini ya moyo. 136. Haitoshi. Moyo huu hauna ushirikiano kabisa.

Jumatano, 5 Machi
Fundi saa mstaafu, jirani wa mlango wa pili, kaja kucheza drafti. Hajawahi kupimwa. Ana mwili wa chuma, kasema, ila kichwa humgonga asubuhi. Nikamfunga kipimo kwa mzaha. 182 kwa 104. Nimeona wivu!

Nimemwomba mkono wake, nijaze daftari la daktari. Sharti lake: nimwachie ashinde. Nimefungwa mara nne kwa makusudi. Ya tatu haikuwa makusudi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepeleka daftari. Daktari kalisoma, kanipima. 126. Kavua miwani, kauliza huu ni mkono wa nani. Nimesema wangu. Kauliza tena.

Kasema ateri zikisukumwa hivyo kila siku hukakamaa, na mmoja wa mishipa ya kichwani unaweza kupasuka wakati wowote. Mwenye mkono aje leo hii. Nimemvuta fundi saa hadi zahanati, akinung'unika njia nzima: "Mzee mzima, wanichezea shere?" Katoka na vidonge. Sasa anatangazia jengo zima kwamba nimemwokoa. Aibu tupu.

Mimi nimetoka na cheti. Mzima, asafiri.

Jumapili, 9 Machi
Dada kapiga simu. Nimekiri yote. Kacheka mpaka kakohoa. Kasema anajua nyumba ya baba imeuzwa na mtaa sitautambua. Hanialiki nikaone nyumba. Ana miaka themanini na mbili, anataka kuniona.

Nikamwambia, kwa utaratibu, kwamba vena, mishipa ya damu iliyochoka, zina vilango vidogo. Damu ikishapita, vinafungwa, hairudi ilikotoka. Ndivyo maumbile yalivyo.

Nilisahau alikuwa mkunga miaka arobaini.

"Mdogo wangu," kasema, "vilango hivyo vimewekwa ili damu ifike moyoni. Kila dakika inarudi, mjinga wewe."

Nimesema mtandao mbovu, nikakata.

Jumatatu, 10 Machi
Tiketi ni ya Alhamisi. Nimeiweka ndani ya kitabu, kwenye ukurasa wa vena. Nimeusoma tena. Dada yuko sahihi.

Fundi saa ana goti bovu, na picha yake ya eksirei haina jina. Jioni tunacheza drafti. Nitamwachia michezo sita, aniazime.

Sitarudi.