Mama Mkwe Kwenye Treni ya Mizimu

Lewisham, London

Kwako Bwana Meneja wa Makumbusho ya Bembea na Michezo ya Kale,

Natumaini u mzima, na farasi wako wa mbao pia. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa nikikasirika Kiingereza changu hukosa adabu.

Jumamosi nilimleta kwenu mama mkwe wangu, Mama Annonciata, aliyetoka Bungoma kushuhudia Komunyo ya Kwanza ya binti yangu Lorraine. Kwetu Wabukusu, mtu na mama mkwe wake hawagusani, hata mkono hawapeani. Tangu nioe nimekuwa nikimsalimia kwa mbali, macho kwenye viatu. Sasa tazama mliyonitendea:

1. Mhudumu wenu Valeria alitusukumiza sote wawili kwenye behewa moja la treni ya mizimu, eti kujaza nafasi. Nilimweleza kwa ishara kwamba huyu ni mkwe. Akaniinulia dole gumba.

2. Akatushushia chuma kimoja cha usalama mapajani, kama wachumba.

3. Gizani ikadondoka mifupa ya mtu. Hapo watu walikumbatiana. Sitaki kuingia katika habari za nani alimshika nani.

4. Kamera yenu ikapiga picha, mkaitundika mlangoni. Mke wangu Jane akaiona, pamoja na kwaya yote ya parokia tuliyokuja nayo.

Tangu siku hiyo Mama anakula chumbani, mlango umefungwa, nami nakula jikoni nimesimama. Nahofia atarudi nyumbani kabla ya Komunyo, na Lorraine hana nyanya mwingine. Naumia sana, Bwana Meneja.

Kwa hiyo naomba mbuzi dume mmoja wa kututakasa, aletwe hapa Lewisham, kwa basi ikibidi. Pili, behewa maalumu la wakwe, lenye pazia katikati. Tatu, ile mifupa ije yenyewe kuomba radhi, na ije imevaa suruali.

Nisalimie Valeria, wakata tiketi, na farasi wote, hasa yule asiye na sikio.

Wako katika kinyongo cha heshima,
Bonface Makokha

N.B. Usitume mbuzi. Jane amefungua ule mlango: kumbe Mama hujifungia ili acheke. Picha aliinunua kimyakimya, ameibandika juu ya kitanda. Ndiyo, anayening'inia shingoni mwake ni mimi. Anasema hajacheka hivi tangu tumzike Baba. Kwenye Komunyo atakuwepo. Tuwekee behewa moja Jumamosi, mimi na yeye, na Valeria akikaze kile chuma.