Ukurasa wa Ishirini na Nne

Homa Bay, Jumamosi, 29 Julai 1967

Mheshimiwa Chifu, wachungaji, wazee wa ukoo, akina mama, na wewe daftari, uliye wa mwisho kwa cheo na wa kwanza kwa kunyamaza. Karani wenu wa baraza, Elkanah, anasimama mbele yenu na jambo zito.

Dada yangu Rispa, niliyemleta kwangu awe karibu na hospitali, amerudishwa. Daktari hana la kuongeza. Jumatatu ya tarehe saba shemeji zangu watamchukua Migori, kwa kuwa mwanamke aliyeolewa hafii kwa kaka yake. Ameomba kitu kimoja. Si dawa, si mchungaji. Anataka kujua kama yule mbuzi alifika nyumbani.

Mbuzi wa kitabu cha shule, mwaka 1936. Aliibiwa kivuli chake, akaenda kukidai. Kitabu kilikuwa kimoja, kurasa ishirini na nne, watoto ishirini na wanne. Mwalimu Onsongo alimgawia kila mtoto ukurasa wake auhifadhi peke yake nyuma ya kanisa, ili siku ya mkaguzi tusimame kwa mstari na kukisema chote kwa zamu. Rispa alikuwa na ukurasa wa kumi na moja. Kabla ya mkaguzi kufika, baba alimtoa shuleni akalee watoto. Mimi nilibaki. Mchwa wakala kitabu.

Kuhusu ukurasa wangu mimi, hilo si ajenda ya leo.

Nimemwahidi kitabu kipya. Akaniita owadwa, ndugu yetu, akashukuru, akafumba macho.

Jumatatu, 31 Julai

Dukani kwa Osman, auzaye vitabu na mafuta ya taa. Akauliza jina la kitabu. Silijui. Mtunzi? Nikasema kina mbuzi. Akasema, Bwana Karani, mbuzi asiye na jina huchaguliwa sokoni kwa macho, haagizwi Nairobi kwa barua. Kisha akashangaa kwa nini siwaulizi niliosoma nao. Nikaondoka nimechukia. Ushauri ulikuwa mzuri.

Jumanne, 1 Agosti

Tatizo: watu wetu hawaji kwa ajili ya kitabu. Mwaka 1964 niliitisha mkutano wa wanafunzi wa zamani. Walikuja wawili, na mmoja alikuwa akitafuta baiskeli yake. Kwa matanga, hata hivyo, hakuna abakiye nyumbani.

Basi nimetangaza kifo cha Mwalimu Onsongo. Yuko Kisii, ana miaka themanini. Sikudanganya sana, nimetanguliza tu. Habari zimepelekwa Takawiri na akina mama wa samaki, na huko Masara na Kegonga zimepelekwa na makondakta wa mabasi. Maombi ni Jumamosi, nyumbani kwangu. Dhamiri yangu haina doa, kwani katika tangazo nilimsifu mno.

Jumamosi, 5 Agosti

Walikuja kumi na tisa. Jedidah wa Masara alianza kulia tangu barabarani. Maroa wa Kegonga alileta kondoo wa kuchinja. Cephas wa Takawiri, aliyenishinda ukiranja mwaka 1936 na hajaacha kunikumbusha, alileta kikapu cha samaki na kuketi mbele.

Nilikuwa nimefika kwa wachungaji katika salamu zangu, mzee mmoja mwenye koti refu akanyanyua mkono nyuma. Mwalimu Onsongo. Alisema amesikia amefariki, akaona si adabu kukosa.

Jedidah aliacha kulia katikati ya neno. Maroa alimfungua kondoo wake akamfunga mguuni pake. Ikanibidi nieleze ukweli. 

Ndipo Rispa, ambaye kitanda chake kilikuwa mlangoni, akasema kwamba maadamu wamekwisha kuja, kila mmoja aseme ukurasa wake.

Wakasema. Cephas ukurasa wa kwanza, bila kujikwaa. Mwingine akafuata, na mwingine. Watatu waliokwisha kufariki tuliwanyamazia urefu wa ukurasa. Kwenye kumi na moja Rispa aliketi, akasema wake wote, neno kwa neno. Ukurasa wa ishirini na tatu: mbuzi juu ya kilima, anauona moshi wa nyumbani kwao.

 Cephas akauliza unaofuata ni wa nani.

Nikasema kwa haraka kwamba tutafute kwanza jina la kitabu. Mwalimu akasema kilifika shuleni hakina jalada, jina hakuwahi kulijua. Wala yaliyomo hayakumbuki, yeye alikuwa akigawa, hakuwa akihifadhi. Ila aliowagawia anawakumbuka. Ukurasa wa mwisho alimpa Elkanah.

Cephas akasema, omera, ndugu yangu, siku ya mkaguzi tuliambiwa unaumwa tumbo. Je, limepona? Walicheka hata wafiwa, ingawa wafiwa hawakuwapo.

Nikasimama. Nilizungumza dakika arobaini juu ya thamani ya elimu. Rispa alisikiliza hadi mwisho. Nilipoketi, alisema kwamba kwa miaka thelathini na moja amenionea wivu kwa ukurasa ule. Akageukia ukuta.

Jumatatu, 7 Agosti

Shemeji walifika asubuhi. Nilikusudia kumwambia dada yangu neno moja: sikuusoma. Badala yake nikamwambia kwamba Osman anaendelea na uchunguzi. Akasema vema. Hakuniita owadwa.

Ijumaa, 11 Agosti

Rispa alifariki juzi. Mazishi ni kesho, Migori. Wote kumi na tisa watakuwapo, na Mwalimu pia. Nimeombwa kuzungumza.

Tangu asubuhi nautunga ukurasa wa ishirini na nne. Neno moja lingetosha: alifika. Nimeandika karatasi sita. Mbuzi anapokewa na karani wa baraza, ambaye anahutubia.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Chifu, wachungaji, wazee, akina mama, naomba mtekeleze azimio hili, nililolipitisha bila pingamizi. Kuanzia kesho, kaburini, kila mmoja ataukubali huu kuwa ukurasa wa mwisho. Cephas atauhifadhi wa kwanza, awe mfano. Mwalimu Onsongo atathibitisha kwamba nimekuwa nao kichwani tangu 1936. Akikataa, tangazo lake la kifo bado ninalo. Nitabadilisha tarehe tu.