Vita vya Vipande Elfu Tatu Mia Tano Tisini na Tisa

Tegeni masikio, enyi mlioshika sindano tangu utotoni nanyi msioweza hata kurudisha kifungo, mpate habari za Fundi, Malkia wa Cherehani, Mnyoosha Mapindo, na siku aliyopigana na nambari akaiangusha chali.

Kwa magauni ya marehemu mama yake alikuwa amemshonea baba yake shuka la kujifunika, kwani mzee huyo mrefu usingizi ulimkimbia tangu afiwe. Mikanda sitini, kila mkanda vipande sitini vya upana wa vidole viwili: elfu tatu na mia sita kamili, na magauni yakaisha. Mzee yu njiani. Ndipo wifi yake, mwalimu wa hesabu, Amiri wa Chaki, alipoishika pasi kwa moyo safi wa kusaidia, akaiacha kidogo akachungulie chai, na kipande cha pembeni kikateketea.

Wifi akachomoa chaki, akaishambulia nambari iliyosalia juu ya meza ya kukatia.

"Ewe wifi yangu," akanena, "kosa ni langu, na vita ni vyangu. Tukitaka pembe nne bila pengo, sharti vipande hivi vigawanyike sawasawa. Nimegawa kwa mbili, kikabaki kimoja. Kwa tatu, viwili. Kwa saba, kimoja kinanikodolea macho. Nambari hii ina roho mbaya. Tuutupe tu mkanda mzima wenye jeraha."

"Mkanda huo ni gauni la maua alilovaa Mama siku aliponipeleka kujifunza kushona," Fundi akajibu. "Siutupi, hata majeshi yaje." Kisha shujaa wetu akalia kidogo.

Alipomaliza kulia akaufumua mkanda ule kwa hasira, akaulaza kukingama miguuni mwa wenzake, walau auone vizuri. Akahesabu. Mikanda iliyobaki ilikuwa hamsini na tisa. Vipande vya mkanda uliojeruhiwa navyo vilikuwa hamsini na tisa. Ncha kwa ncha, vilienea: kila mkanda ukapata kipande cha sitini na moja.

"Wifi," akasema polepole, "hebu piga hamsini na tisa mara sitini na moja."

Chaki ikatimua vumbi. Wifi akalitazama jibu, akaketi sakafuni.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Kumbe ilikuwa inagawanyika, ila mimi bado nahangaika na kumi na tatu."

Cherehani ikanguruma. Mzee alipofika walimlaza palepale ajaribu, wote wawili wamesimama wakiwa wameshikana mikono.

Mzee akachezesha vidole vya miguu chini ya maua.

"Miguu imeingia," akasema. "Mama yako kanigombeza miaka yote kwamba nalala miguu nje."

Akageukia ukuta. Basi na ijulikane kwa vizazi vyote kwamba siku ile kipande kimoja kilianguka vitani, shuka likazidi urefu kwa vidole viwili, na mzee akakoroma mpaka asubuhi.