Kamba Namba Tisa

Jumatatu, 3 Juni. Bayahibe.
Doña Xiomara, mkuu wa kitalu chetu cha matumbawe, ametangaza shindano. Kila mpiga mbizi ana kamba yake chini ya maji, yenye vipande kumi na vinne vya matumbawe. Agosti vitahesabiwa vilivyo hai. Jina la mshindi litaandikwa kwenye kibao, na kibao kitasimikwa kwenye mwamba tutakaoupanda upya. Mwamba ule marehemu baba aliumegamega kwa nanga miaka thelathini. Nalitaka jina letu pale, safari hii kwa heshima.

Shemeji Primitivo akasema kamba yangu inafanana na soksi zilizosahauliwa kwenye waya wa kuanikia nguo. Watu wakacheka. Mke wangu, dada yake, akacheka kuliko wote. Imeniuma.

Jumatano, 5 Juni.
Wazo! Kamba hutambulikana kwa vibandiko tu. Ya Primitivo namba saba, yangu tisa. Mchana wenzangu wakicheza dhumna dukani, nilizama nikavibadilisha. Sasa ile kamba yake nono ni tisa. Yangu! Nimekula ndizi za kukaanga sahani mbili.

Alhamisi, 6 Juni.
Nilikwenda kuitazama mali yangu mpya. Pezi la mguu likanasa. Nikavuta. Kamba ikaanguka, matumbawe yakavunjika kama biskuti. Nililia ndani ya miwani ya kuzamia, machozi yakakosa pa kwenda. Nikavifunga vipande vyote kambani, hata vya ukubwa wa kidole. Arobaini na kimoja. Kisha nikarudisha vibandiko mahali pake. Msiba sasa ni wa Primitivo. Namwombea subira.

Ijumaa, 7 Juni.
Mwizi! Nimekuta namba tisa kwenye kamba iliyovunjika! Primitivo kaona maafa, kabadilisha vibandiko, kanisukumia mimi. Mtu gani huyu asiye na haya? Nilitaka kumshtaki, nikakumbuka mambo fulani. Nikataka kubadilisha tena, kumbe Doña Xiomara ameshavikaza vibandiko vyote kwa waya. Nimekwisha. Itabidi niiuguze. Nimechukua mswaki wa mke wangu, nitasugua mwani kila siku.

Jumamosi, 10 Agosti.
Nimeshinda! Vyote vimepona, vimechipua! Arobaini na kimoja! Primitivo ana kumi na viwili. Doña Xiomara akasema ndivyo matumbawe yanavyozidishwa, kwa kukatwa, akauliza nani kanifundisha. Nikajibu ni kipaji cha ukoo.

Primitivo alinisogelea taratibu. "Shemeji, ile kamba unajua ni ya nani."

"Najua," nikamwambia. "Haya, waeleze watu ilifikaje kwangu."

Akanipigia makofi. Kisha akatumwa abebe kibao hadi chini, nami nikawa namwonyesha pa kukisimika, kushoto kidogo, hapana, kulia. Kimeandikwa *Mwamba wa akina Marte*, jina la ukoo wetu. Nililia tena ndani ya miwani. Baba angefurahi, nadhani. Nyumbani mke wangu amenipakulia kichwa cha samaki, ambacho miaka yote humpa kaka yake. Mswaki wake bado anautafuta.

Jumapili, 11 Agosti.
Shindano jipya: nani atakuwa na tumbawe refu kuliko yote. Wenzangu wanahangaika. Mimi siri ninayo tayari. Kesho asubuhi nitajirusha kutoka kwenye boti, niiangukie kamba yangu kwa uzito wangu wote.