Bega la Vandermolen, Kiwiko Changu

Jumatatu, 7 Julai
Bado niko Marlow, Iowa. Mahindi kulia, mahindi kushoto, katikati uwanja wa besiboli, na ndani ya uwanja mimi, Merle Dubicki, mrushaji wa timu kubwa, nikiuguza kiwiko kati ya vijana wa timu ndogo. Leo kocha Fusco katangaza kwamba wakubwa wa timu kubwa wanataka mrushaji mmoja mzoefu. Mmoja tu! Watachagua Jumapili. Atakayeachwa, mkataba wake umekwisha.

Ningekuwa nimeshafunga mizigo ya kurudi timu kubwa, lakini amekuja Chet Vandermolen na bega lake lililopasuliwa. Mrushaji, mzee mwenzangu. Tabasamu hadi masikioni. Desturi yetu, mchezaji mkubwa akiteremka huku kujiuguza huwanunulia vijana chakula cha jioni. Mimi niliwanunulia piza. Yeye kaleta mbavu za kuchoma, na pai ya cheri pia. Wameanza kumwita baba. Mimi wananiita “yule wa piza”. Mkono mtupu haulambwi, sawa, lakini wangu haukuwa mtupu! Ulikuwa na piza!

Mke wangu Darlene kapiga simu. Anasema nikikosa nafasi nirudi Ohio, kaka yake atanipa kazi dukani, kuuza mashine za kukata nyasi. Nina miaka thelathini na minane. Nimerusha mpira tangu nikiwa na meno ya utotoni. Sijui kufanya kitu kingine chochote, na ninaogopa.

Jumanne, 8 Julai
Nimempata Vandermolen! Nimeagiza kamba wakubwa wa baharini kwa timu nzima. Fusco kauliza kama nina hakika, maana bahari iko mbali sana na Iowa, na joto hili. Nikamwambia akae atazame mtu mwenye hadhi anavyokirimu. Vijana wamekula hadi wakalamba maganda. Wawili wameniita baba.

Jumatano, 9 Julai
Timu nzima inatapika. Mimi ndiye kinara.
Ilikuwa zamu yangu ya kurusha. Karusha Vandermolen badala yangu, maana vyakula vya baharini vinamwasha na hakuonja hata kidogo. Alikula mbavu zake zilizobaki! Lakini bega lilimsumbua, akatoka mapema ameshika mkono, uso umemshuka. Habari hiyo niliipata chooni. Ndiyo dawa pekee iliyokaa tumboni.

Alhamisi, 10 Julai
Asubuhi Vandermolen kaja chumba cha kuvalia, kakaa kando yangu, akawa anatazama viatu vyake. Kisha akasema, “Merle, kuna jambo nataka nikwambie. Hili bega langu...”

Sikumwacha amalize. Bahati kama hii haiji mara mbili! Nikavaa sura ya huruma, nikamshauri asinyanyue tena mkono juu ya bega. Arushe kwa ubavuni, chini chini, kama mtoto anayerusha vijiwe virukeruke juu ya maji. Mtu aliyerusha kwa juu maisha yake yote akibadili kwa siku moja, mpira unakwenda kwa watazamaji. Kila mtu anajua hilo, isipokuwa mwenye kukata tamaa.

Kanikumbatia. Kaniita ndugu yake. Nilijisikia vibaya kidogo, kisha nikaenda kula.

Ijumaa, 11 Julai
Balaa! Vandermolen karusha kwa ubavuni na wapigaji wakawa wanachapa upepo. Nusu ya mchezo imepita, hakuna hata mmoja aliyeupiga mpira wake. Mambo yakifika hapo kuna mwiko: hulitaji jambo lenyewe, humsemeshi mrushaji, hukai karibu naye. Ukilitaja, mkosi unaingia. Benchi lote kimya, yeye peke yake pembeni.

Nikaenda. Nikakaa ubavuni pake. Nikasema kwa sauti ya msibani, “Hongera, Chet! Hakuna aliyekupiga hata mpira mmoja!”

Fusco alipaliwa na mbegu za alizeti alizokuwa akitafuna. Vijana waligeuza nyuso. Vandermolen akasema tu, “Aisee, kweli? Ni mkono wako huo, ndugu yangu.” Akarudi uwanjani akamaliza mchezo. Hakupigwa hata mpira mmoja.

Jumamosi, 12 Julai
Hakuna anayenisemesha. Hata mpishi. Leo ilikuwa zamu yangu ya kurusha. Mpira wangu wa kwanza ulipigwa ukaruka ukuta, ukaingia maegesho ya magari. Nilisikia kioo kikivunjika. Ni pikapu yangu. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Fusco kanitoa akisema, “Pole, bwana. Angalau leo mtu mmoja kalenga shabaha.”

Jumapili, 13 Julai
Wamemchagua Vandermolen.

Fusco kaniita ofisini, kasema mkono wangu umekwisha lakini jicho ninalo. “Umemfufua mzee wa watu wewe! Baki hapa uwafundishe vijana kurusha.” Nikasema nitafikiri.

Halafu Vandermolen kaja kuaga. Machozi yanamlenga. Akaniambia Alhamisi ile alikuja kwangu mabegi yake yakiwa yamefungwa. Alikuwa ameamua kuacha mchezo, arudi kwa wajukuu. Alitaka niwe wa kwanza kujua, nichukue nafasi kwa amani. “Ukanizuia, Merle. Mtu mwingine angeninyamazia tu.”

Nikamwambia si kitu. Nikaingia bafuni, nikafungulia maji yote, nikalia. Nafasi ilikuja kwa miguu yake yenyewe, ikakaa kando yangu, ikatazama viatu. Ningefunga mdomo tu!

Jumatatu, 21 Julai
Nimekataa ukocha. Mimi mwalimu? Nina kipaji gani cha kufundisha? Niko Texas sasa, kwenye katimu kasikojulikana na wakubwa. Kioo cha pikapu ni plastiki na gundi. Nafasi ya mrushaji ni moja, na mshindani wangu ni Pruitt, mzee aliyepasuliwa goti. Nimempigia Darlene nikamwambia asiwe na wasiwasi, safari hii nimepata akili.

Asubuhi hii Pruitt kakaa kando yangu anapumua kwa shida, macho kwenye viatu. Akaanza kusema ana jambo la kuniambia kuhusu goti lake.

Sikumwacha amalize. Nimemshauri asinyanyue tena mguu anaporusha.

Kanikumbatia.