Gari Langu la Mbao na Posa ya Mandawa

Jamani, leo nimeadhirika. Nimeadhirika ugenini, jua linawaka, nikiwa na fulana ya ndani yenye matundu. Waliosababisha nawataja kwa majina, wakininunia shauri yao. Wa kwanza ni Shaibu, fundi seremala wa hapa Nachingwea. Wa pili ni mimi mwenyewe, lakini tuanze na Shaibu.

Wengi mnalijua gari langu. Mbele bati, nyuma mbao. Marehemu baba alilinunua kwa wamisionari waliokuwa wanarudi kwao. Mbao za mwanzo zililiwa na mchwa, nikaweka mninga. Likivunjika huko nyuma siendi kwa makanika, naenda kwa seremala. Vijana wa bodaboda wananiuliza: "Mzee, hiyo gari usiku unaifunga kwa ufunguo au unapigilia misumari?" Wacha waseme. Siku ya harusi haohao wanaacha magari mapya ya kukodi, wanakuja kupiga picha wameegemea mbao zangu. Sijui lina nini. Linalia kila kona, na kwenye mlima linapanda kwa dua. Lakini likipita, mtu mzima anasimama na jembe lake begani, anatabasamu. Mimi mwenyewe hakuna aliyewahi kunitabasamia hivyo. (Mke wangu wa kwanza aliondoka na Swalehe wa Nanganga, mwenye pikipiki. Nimepona hilo, na nimepona kuumwa na nyoka. Nyoka alikuwa na huruma zaidi.)

Sasa, gari hilo ndilo lililonikutanisha na Bi Somoe. Ni mjane wa Mandawa, anauza ufuta sokoni Ruangwa. Msimu uliopita nilimbebea magunia yake. Akazipapasa mbao, akanusa kabisa, akasema: "Linanukia kama sanduku la nguo la bibi yangu." Tangu hapo mimi sina akili. Nikawa napita Mandawa bila shughuli yoyote, mpaka mbuzi wa kule wananijua. Mwishowe akaniambia: "Kama una neno, leta wazee. Na waje na gari lilelile."

Lilelile! Mtu mwenye masikio angeelewa. Mimi nikaelewa kwamba nilipambe.

Jana nikamweleza Shaibu. Akanyanyua dumu jeusi. "Mafuta ya maganda ya korosho, kaka. Mchwa hagusi, na mbao inang'aa mpaka unajiona meno."

"Yanakauka?"

"Kila kitu duniani kinakauka."

(Huyo ndiye niliyemkabidhi maisha yangu.)

Huku kwetu nani asiyeyajua mafuta yale? Toka utotoni tunachoma korosho, midomo inababuka. Nguzo za nyumba tunazipaka, kisha tunaziacha huko nyuma ya nyumba mpaka tuzisahau, na mtu hazisogelei, maana hayakauki upesi na yanaunguza ngozi. Yote hayo nayajua! Lakini mapenzi yamenishika, nikapaka jioni, nje na ndani, nikarudia kwa sababu ilinoga. Asubuhi gari lilikuwa linang'aa kama halua. Nikagusa kwa ncha ya kidole, sikuona kitu. Limekauka, nikasema. (Ilikuwa baridi ya alfajiri. Jua lilikuwa halijasema lake.)

Washenga walikuwa Mjomba Saidi, maana kwetu Wamwera mjomba ndiye mwenye neno, na rafiki yake Mzee Abdala. Kanzu nyeupe pe, zimepigwa pasi mpaka zinakata. Kwa desturi mwoaji haendi kwenye posa yake. Lakini gia za gari lile hakuna anayezibembeleza zaidi yangu. Mjomba akaamua: "Utakuja kama dereva. Tukifika unabaki na gari lako. Usiseme, usicheke, usikohoe."

Tukaondoka. Barabara vumbi, jua likapanda. Tulipopita Ruangwa mjini, Mjomba akaniita kutoka nyuma.

"We, mbona hii mbao inanikumbatia?"

"Ni mbao za zamani, mjomba. Zina mapenzi."

Tulipofika Mandawa, gari halikuwa linang'aa tena. Vumbi jekundu lote la wilaya lilikuwa limenasa humo, na majani, na manyoya ya kuku. Lilikuwa kama mnyama. Mjomba akataka kushuka, hakunyanyuka. Akajivuta. Chwaaa! Mzee Abdala naye chwaaa! Wakashuka, wakarekebisha kofia zao, wakaelekea barazani kwa heshima zote. Ndipo nikaiona migongo. Kila mmoja alikuwa na mistari myeusi ya mbao zangu, toka mabegani mpaka makalioni, kama wametoka kulala juu ya jiko la mkaa.

Nifanye nini? Nimekatazwa hata kukohoa! Nikajipa moyo: watakaa, migongo itaegemea viti, nani ataiona?

Wakakaa kwenye makochi. Juu ya makochi kulikuwa na vitambaa vyeupe, vimefumwa na Bi Somoe kwa mikono yake.

Mimi nikaegemea mlango wa nyuma, wa mbao, nikakunja mikono, dereva asiyejali. Nikasikia Mjomba anaongea vizuri. "Tumetumwa na kijana wetu." (Kijana mwenyewe ana mvi mpaka kifuani.) Kaka yake Bi Somoe, Mzee Ahmadi, mtu mgumu yule, alikuwa anaitikia, hata akacheka kidogo. Moyo wangu ukawa mweupe. Nikasema, leo napata mke.

Wakasimama kuagana. Mjomba akageuka, na kitambaa kikageuka naye. Kimeng'ang'ania mgongoni, kimeandikwa kwa uzi mwekundu: KARIBU MGENI. Mzee Abdala naye akageuka: USIKU MWEMA.

Mzee Ahmadi akasema: "Bwana Saidi, mnaposa au mnahama na vyombo?"

Watoto wa jirani walianguka chini. Wanawake nyuma ya pazia wakapiga vigelegele vya kicheko. Mjomba akajipapasa mgongo, akaona mkono wake mweusi, akasahau posa, akasahau desturi, akaninyooshea kidole mbele ya baraza zima.

"Muulizeni dereva! Siyo dereva huyo, ndiye mwoaji mwenyewe! Njoo hapa, mpumbavu wewe!"

Nikataka kwenda. Sikwenda popote. Nilikuwa nimenasa kwenye mlango. Nikajivuta, shati likakataa. Nikajivuta kwa nguvu zote, mgongo wa shati ukabaki garini na mikono ikanifuata. Nikaingia ukweni na fulana ile niliyowaambia, mgongo unawaka moto, manyoya ya kuku kichwani.

"Shikamooni," nikasema. Baraza zima likaitikia kwa kicheko.

Pazia likafunguka. Bi Somoe akatoka na kikombe cha mafuta ya nazi.

"Geuka."

Nikageuka. Akanipaka mgongo mbele ya watu wote, huku analitazama gari.

"Nani kalifanya hivi?"

"Shaibu," nikasema.

"Shaibu ndiye aliyeshika brashi?"

Nikaficha vidole vyangu vyeusi.

"Nilisema lije lilelile. Lilivyopauka vile, na nyufa zake. Kama nilitaka king'aacho, wapo wenye magari mapya wanaopiga honi hapo nje." Akafunika kikombe. "Kaka, waambie wageni jibu langu liko garini. Likirudi mbao tupu, waje walisikie. Likija limepakwa kitu chochote, wasishuke."

Mzee Ahmadi akasema, "Mmesikia," akaenda kumsaidia Mjomba kubandua KARIBU MGENI. Kilibanduka na kipande cha kanzu.

Njia nzima ya kurudi Mjomba alisimama nyuma ameshika paa la bati la mbele, hakutaka kugusa ubao wowote. Hajaniambia neno mpaka sasa. Mzee Abdala yeye ameondoka na kitambaa chake mgongoni.

Naandika haya nimelala kifudifudi, malengelenge mgongo mzima. Sijakataliwa, lieleweni hilo! Kesho naanza kukwangua, ubao kwa ubao. Mwenye msasa alete. Mwenye kicheko akamalizie kwake.