Mstari Mmoja Uliobaki

Mulot, Jumatatu, 2 Juni 1997

Leo ni miaka thelathini na minane tangu tutoke kwenye mashamba ya chai. Baba alistaafu, na nyumba ya kampuni ni ya mwenye kazi. Tulishuka na magodoro hadi huku kwenye mahindi na vumbi.

Habari kubwa! Chuo kikuu kinatafuta watafiti wenye shahada ya uzamivu: mimea, wadudu, udongo, hali ya hewa. Kituo kiko juu ya Mogogosiek, katikati ya chai. Nyumba inatolewa! Yangu ya mimea niliipata mwaka juzi, nikiwa na miaka hamsini na minane. Bado mbichi kabisa.

Alhamisi, 5 Juni

Nimeomba nafasi zote nne. Wakinikosa kwenye mimea, watanidaka kwenye wadudu. Mke wangu Bochaberi ameuliza wadudu nimewajulia wapi. Nikamkumbusha kunguni wa bweni nililosimamia. Akasema, Baba Mongina, wenzako wanatafuta mahali pa kuota jua.

Mimi natafuta dirisha. Asubuhi, ukungu ukiinuka, na harufu ya majani kutoka kiwandani. Basi.

Jumanne, 24 Juni

Nimeitwa! Mahojiano ni kesho, upande wa mimea. Kiptanui naye ameitwa. Nilimfundisha biolojia, alikuwa akichora jani kama soksi. Sasa ni daktari mwenye viatu vya kung'aa. Tumekutana sokoni, akauliza, Mwalimu, unamsindikiza mtoto gani? Mshenzi. Nikamwambia mahojiano yamesogezwa hadi saa nane. Akatoa barua yake, akasoma saa tatu. Nilisahau kwamba naye anayo barua.

Jumatano, 25 Juni

Nilifika mapema mno. Mlinzi alinikalisha kando ya shamba dogo. Chai gani hiyo, jamani! Imefika kifuani, matawi ovyo, karibu iwe msitu. Kwetu mtoto aliyepita chai ya namna hiyo bila kuigusa alichapwa.

Nikavua koti. Majani mawili na chipukizi. Matawi marefu nikayavunja, meza, yaani uso wa juu wa chai, ikae sawa. Vidole vilikumbuka vyenyewe. Nikaimba hata.

Kiptanui alipofika nilikuwa nimebakiza mstari mmoja tu. Alinong'ona, Mwalimu, tafadhali, toka humo. Nikajua ni wivu.

Mkuu wa kituo, Daktari Chepngeno, hakupiga kelele. Alisema chai hiyo haijaguswa miaka minne. Kwamba kuiacha ndiyo utafiti wenyewe. Kisha akaitazama meza yangu muda mrefu, akasema imenyooka sana.

Mahojiano hayakufanyika. Yangu, yaani.

Jumatano, 16 Julai

Kiptanui amepata kazi. Na nyumba. Wadudu, udongo na hali ya hewa pia hawanihitaji, na kituo kinaniomba nisikaribie ua wao.

Jioni amepita na pakiti ya chai. Kijana mzuri, basi tu. Ameuliza kama najuta. Nami nikauliza ni nani aliyemalizia mstari wa mwisho. Akasema umeachwa ulivyo.

Umeachwa! Kama kichwa kilichonyolewa nusu! Nimemwambia wangechelewa nusu saa tu ningeumaliza. Bochaberi amesema, Baba Mongina, nyamaza unywe chai.

Nimekunywa. Ni ya kule.

Sitarudi.